Nilimwambia Mzee Kwamba Shamba Lake Si Mali Yake

Mwaka 1993, hapa Dongobesh, nilimwambia mzee wa rika la marehemu baba yangu kwamba shamba alilokuwa akilidai halikuwa mali yake mbele ya Katiba ya nchi hii. Nilimwambia kwa uhakika, kijitabu cha Katiba kikiwa mkononi, naye akaniamini. Nilikosea. Naliungama kosa hili hadharani kwa sababu naona linarudiwa na watu walionizidi elimu, kwetu na ng'ambo, kila wanapobishana jinsi ya kuisoma katiba.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu wa kijijini ndiye aliyesoma barua za watu, akaandika malalamiko yao na kufafanua matangazo yaliyobandikwa ofisini. Niliipenda kazi hiyo, na kila nilipofika Arusha nilitafuta nakala za sheria. Watu wakazoea kusema, nendeni kwa mwalimu, yeye anajua maandishi yanasemaje.

Baba wa mzee huyo alikuwa mmoja wa Wairaqw waliotoka Irqwa Da'aw, upande wa Kainam, wakasogea huku kutafuta ardhi. Walifyeka vichaka vilivyojaa mbung'o, wakang'oa visiki, wakalima. Mzee akalirithi shamba lile. Ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 uamuzi ulitolewa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Yeye akahamishwa, na shamba likagawiwa familia nyingine. Miaka ya 1980 alifanya kama walivyofanya wengi katika Mkoa wa Arusha wa wakati ule, uliojumuisha Mbulu na Hanang: alifungua kesi kudai ardhi yake ya kimila. Akashinda. Lakini kabla hukumu haijakaziwa, Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya 1992 kuhusu umilikaji wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, ikaanza kutumika tarehe 28 Desemba 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji hivyo, ikakataza fidia kwa kufutwa huko, ikaziondolea mahakama mamlaka juu ya migogoro hiyo, ikasitisha kesi zilizokuwa zinaendelea na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisikaziwe.

Mzee alinijia na hukumu yake, akaniuliza: "Mwalimu, wanasema karatasi hii imekufa. Lakini nasikia Katiba inalinda mali ya mtu. Ipi kubwa, hiyo sheria yao au Katiba?"

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilimjibu, "Katiba ndiyo kubwa, Baba, lakini shamba lako halimo ndani yake."

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa nguvu ile ile niliyokuwa nayo siku hizo, maana hoja yangu haikuwa ya kijinga na bado ina wafuasi. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza asinyang'anywe bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Niliamini kwamba ili kujua ibara hiyo inalinda nini, lazima urudi kwa walioiandika na kuuliza walikusudia nini. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu kwa mabadiliko ya tano ya mwaka 1984. Ni nani walioziingiza? Ni uongozi ule ule uliotaifisha njia kuu za uchumi baada ya Azimio la Arusha la 1967, na ambao chini yake wananchi walihamishiwa vijijini. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1923 ardhi yote ilikuwa imetangazwa kuwa ya umma, na miaka michache baada ya Uhuru hata umilikaji ule wa kudumu ulioachwa na wakoloni ukafutwa. Basi, nilihoji, watu hao walipoandika mali, wangewezaje kuwa wanafikiria shamba la kimila lisilo na hati? Walifikiria nyumba, ng'ombe, gari, mashine.

Nilikuwa na mfano wa karibu pia. Kule Hanang, Wabarbaig wa Mulbadaw walilishtaki Shirika la NAFCO kwa kuingiza ngano katika malisho yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ile ya kikoloni. Nikamwambia mzee: ikiwa Mbarbaig ndani ya Hanang anatakiwa athibitishe kuwa ni mwenyeji, wewe utathibitisha nini? Maandishi ni maandishi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, mimi siulizi waliwaza nini. Nauliza kama ni haki."

Nikamjibu kwamba haki si swali la sheria.

Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Mzee aliikunja karatasi yake akaondoka. Hakutafuta wakili wala hakwenda tena mahakamani. Baadaye alihamia kwa mwanawe upande wa Kiteto, na huko ndiko alikofia.

Wakati mimi nawafundisha watu kukata tamaa, baba na mwanawe wa wilaya yetu hii hii walikuwa wamekataa. Lohay Akonaay na Joseph Lohay waliishi Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, ambayo wakati huo ilikuwa Wilaya ya Mbulu na leo iko Karatu. Nao walikuwa wameshinda kesi ya ardhi ya kimila mbele ya Hakimu Mkazi, wakakabidhiwa shamba lao; rufaa ya wapinzani wao ilikuwa ikisubiri Mahakama Kuu sheria mpya ilipoingia. Waliishtaki Serikali kwa kuvunja Katiba. Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu Arusha aliwapa haki. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu iliyotikisa kila nilichokuwa nimekijenga.

Serikali ilitoa hoja iliyofanana mno na yangu: haki ya kimila ya kukaa na kutumia ardhi si mali inayolindwa na ibara ya 24. Mahakama haikujibu kwa kusema kwamba nyakati zimebadilika, wala majaji hawakutangaza kwamba wanapendelea wakulima. Walirudi nyuma katika historia, nyuma kuliko nilikofika mimi. Waliisoma sheria ya 1923 na kuona kwamba Gavana alipopewa usimamizi wa ardhi yote alipewa kama mdhamini, kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Mdhamini hana ruhusa ya kumnyang'anya yule anayemshikia. Kwa hiyo haki ya mkulima haikuzimwa na mkoloni, wala haikuzimwa Uhuru ulipokuja. Kisha Mahakama ikasema neno ambalo halipatikani katika kifungu chochote lakini ambalo kila kifungu kinalitegemea: kama hoja ya Serikali ingekuwa kweli, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe.

Hata kuhusu fidia walikwenda kwa mwasisi mwenyewe. Walirejea maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958, alipoeleza kwamba mtu anayetumia nguvu zake kusafisha kipande cha ardhi huwa amekiongezea thamani. Wakaamua kwamba hata pale ambapo hakuna nyumba wala maendelezo mengine yaliyobaki, jasho lililomwagika katika ardhi linalindwa na Katiba, na anayenyang'anywa anastahili fidia ya haki. Ufyekaji wa vile vichaka vya mbung'o, ambao mimi niliuona kama hadithi ya wazee, ulikuwa hoja ya kikatiba. Vifungu vilivyochukua ardhi bila fidia na kufunga milango ya mahakama vikatangazwa batili.

Niliposoma hukumu hiyo nilijaribu kwanza kujitetea. Nilijiambia kwamba hao ni majaji, mimi ni mwalimu tu, ningejuaje? Utetezi huo haukunifikisha mbali. Sikuulizwa nitabiri hukumu. Niliulizwa Katiba inasema nini, nami nikajibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la historia. Nilidai kuwafuata waasisi, lakini niliwafuata nusu njia. Nilichukua mwaka 1923 nikaacha udhamini, nikachukua Azimio la Arusha nikaacha maandishi ya 1958. Mtu anayetafuta nia ya waandishi huchagua mwenyewe ukurasa wa kufungua na mahali pa kusimama. Mimi nilisimama pale penye jibu nililokwisha kulitaka.

Kosa la pili lilikuwa kuchanganya yaliyokuwa vichwani mwa waandishi na kile walichoahidi. Huenda kweli mwaka 1984 mjumbe mmoja au mwingine hakulifikiria shamba la Mbulu aliponyoosha mkono kupitisha mabadiliko. Lakini hawakuandika orodha ya vitu. Waliandika kila mtu. Waliandika mali yake. Waliandika fidia inayostahili, na hakuna anayeweza kupima kinachostahili bila kuuliza lililo haki. Walipotumia maneno hayo walitupa sisi wasomaji kazi ya kupima. Nilipoikataa kazi hiyo nikidai uaminifu kwa maandishi, niliyaacha maandishi yenyewe.

Kosa la tatu lilikuwa la moyo. Niliogopa. Nilikuwa mtumishi wa Serikali, na kumwambia mwanakijiji kwamba sheria mpya ya Bunge huenda inapingana na Katiba kungeweza kuniletea maneno, pengine uhamisho. Nia ya waandishi ilinipa mahali pa kujificha. Niliweza kumnyima mzee haki yake na bado nikalala nikijiona mtu wa sheria, kwa kuwa aliyeamua, kwa mawazo yangu, ni watu wa 1984 wala si mimi. Lakini aliyeamua alikuwa mimi.

Miaka ilipopita nilikuta kwamba wahafidhina wa Marekani wanabishana jambo hili hili. Kwa muda mrefu sauti zao kubwa zilikuwa za watu kama Robert Bork na Jaji Antonin Scalia, waliofundisha kwamba katiba isomwe kwa maana iliyokuwa nayo ilipopitishwa na kwamba jaji hana kibali cha kuingiza maadili yake. Wengine wa kambi ile ile wamesimama kuwapinga. Hadley Arkes ametetea kwa miongo mingi kwamba sheria haiwezi kusimama bila kweli za kimaadili zilizoitangulia. Adrian Vermeule wa Harvard, katika makala ya mwaka 2020 na kisha kitabu cha 2022, alitaka katiba isomwe kwa kulenga manufaa ya wote.

Nilipofuatilia mabishano hayo nilikutana na Jaji Mkuu Roger Taney na hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857. Taney alisema kwamba anaisoma katiba kama ilivyoeleweka siku ilipotungwa, na kwa usomaji huo mtu mweusi mwenye asili ya watumwa hakuweza kuwa raia wa Marekani. Mwenzake Benjamin Curtis alimpinga kwa historia: katiba ilipopitishwa, watu weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo matano. Taney alikosea maadili, na alikosea hata historia aliyojivunia. Nililijua kosa hilo mara nilipoliona. Simlinganishi mzee wangu na mtumwa, wala ushauri wangu na hukumu ya Mahakama ya Juu; lakini njia ya kufikiri ni ile ile, na inapofika mwisho wake kuna mtu ambaye anaambiwa kwamba ahadi iliyoandikwa kwa watu wote haikumhusu yeye.

Je, sasa nasema jaji afuate moyo wake tu? Hapana, na sitaki kuungama kosa moja kwa kufanya jingine. Hofu ya jaji anayejitungia sheria ni hofu ya haki. Hakuchaguliwa, na moyo wake unaweza kuwa mgumu kama wa mtu mwingine yeyote. Hata yale manufaa ya wote yananitia wasiwasi, maana sisi wa huku tunayafahamu. Mzee alihamishwa kwa manufaa ya wote. Wabarbaig walinyang'anywa malisho kwa manufaa ya wote, ili taifa lipate ngano. Waliofanya hivyo wengi hawakuwa watu wabaya. Waliamini wanawaletea wananchi shule, maji na zahanati, na kweli shule nyingine zilijengwa. Anayesoma katiba kwa dhamira ya wengi bila kumtazama mtu mmoja aliyesimama mbele yake atamhamisha mtu huyo tena.

Mfano wa mpaka unaofaa ninauona katika kesi ya Mbushuu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikaona kwamba ibara ya 30 inaruhusu sheria za namna hiyo kwa masilahi ya umma, na kwamba uamuzi wa kuifuta ni wa jamii. Unaweza kutokubaliana nao. Mimi mwenyewe ningependa ifutwe. Hata hivyo majaji hawakujificha. Walilitazama jambo kwa macho ya maadili, wakalitaja kwa jina lake, kisha wakaeleza wazi kwamba Katiba yenyewe iliwafunga mikono. Mimi mwaka 1993 sikuthubutu hata kusema: "Baba, hili ni dhuluma." Nilianza kwa kusema kwamba swali lake halimo.

Na mwaka 2002, katika kesi ya Ndyanabo iliyofuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kesi ya uchaguzi kusikilizwa, Jaji Mkuu Barnabas Samatta aliieleza Katiba kuwa ni kitu chenye uhai na roho yake, kinachopaswa kutafsiriwa ili kiendane na madhumuni makubwa ambayo waandishi waliitungia. Hapo nilipata jibu la swali lililonitesa. Waandishi hawaachwi. Wanaheshimiwa kwa lile lililo bora katika walichoahidi, hata kama wao wenyewe walishindwa kulitimiza walipokuwa madarakani.

Siwezi kudai kwamba mzee angelipata shamba lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, pamoja na kuipa haki ya kimila hadhi sawa na hati inayotolewa na Serikali, ilithibitisha pia ugawaji uliofanywa vijijini kati ya 1970 na 1977. Familia iliyopewa shamba lile nayo haikuiba kitu. Ilipewa na kijiji, ikalima, ikazaa watoto hapo. Haki yao ilistahili kupimwa. Ndiyo maana fidia ni jambo la maana: inaruhusu jamii kuamua bila kumfanya mmoja abebe gharama yote. Lakini mzee alistahili kusikilizwa, na kama ardhi isingerudi, alistahili kulipwa jasho la baba yake. Niliufunga mlango huo kabla hakimu yeyote hajaufunga.

Niliwaendea watoto wake nikawaeleza haya yote, nikawaomba msamaha. Walinisamehe. Mmoja wao aliniuliza kwa nini sikumwambia baba yao kwamba sina uhakika. Sikuwa na jibu lililomtosha, wala sina hadi leo.

Kwenu mnaosomea watu sheria, walimu, watendaji wa vijiji, wasaidizi wa kisheria, makarani, vijana mnaorudi Mbulu na Hanang na shahada zenu: someni maandishi yote, hadi mwisho, na historia yake yote. Anayewauliza kama jambo ni haki msimwambie kwamba swali lake halina nafasi katika Katiba. Katiba yetu imejaa swali hilo. Mkiona dhuluma, itajeni kwanza, kisha mtafute kwa uaminifu kama maandishi yanatoa njia. Na mkiwa hamna uhakika, semeni hivyo, mmwonyeshe mtu mahali mahakama ilipo. Mzee yule hakuhitaji zaidi ya hayo kutoka kwangu, na nilikuwa na uwezo wa kumpa.